Skrubu za Kabati la Jikoni

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka vizuri, na kila mtu ana karatasi hii mbele yake pamoja na kalamu. Walio karibu na mlango wasogee ndani, maana upepo wetu wa Singida hupenda kuchukua maneno ya watu.

Somo la leo ni juu ya kitu kidogo, kidogo kuliko kidole chako. Kitu hicho ni skrubu. Wazee wa pwani huiita parafujo, nasi huku bara twasema skrubu. Yote ni mamoja. Tutajifunza namna ya kuchagua skrubu ya kufungia kabati la jikoni ukutani. Mtauliza, «Je, somo hili ni la useremala au la kusoma na kuhesabu?» Ni la yote mawili. Mtaona wenyewe kwamba mtu asiyejua kutoa hesabu ndogo aweza kuangusha kabati zima.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, wala sioni haya kukieleza.

Miaka mingi iliyopita nilitengeneza kabati la jikoni kwa nyumba yangu, hapa Singida mjini. Mbao zilikuwa za mninga, nzuri, zimerandwa mpaka zinang'aa. Ukuta ulikuwa wa tofali za kuchoma, umepigwa lipu ya saruji. Nilinunua skrubu nyeusi, nyembamba, zilizokuwa za bei nafuu dukani. Nikatoboa, nikakaza, nikatundika kabati. Mke wangu akafurahi. Akapanga sahani, sufuria, mfuko wa unga wa uwele, na juu yake dumu la mafuta ya alizeti la lita 20.

Kabati lilikaa wiki tatu. Jioni moja mtoto wetu alikuwa ameketi chini yake akichambua mboga. Mama yake akamtuma nje alete kuni. Mtoto hajafika kwenye banda la kuni, tukasikia kishindo. Kabati lote lilikuwa chini. Sahani zimekuwa vigae, mafuta yametapakaa sakafuni, na kigoda alichokalia mtoto kimevunjika mguu.

Nilipotazama ukuta, niliona matundu manne, na kando ya kila tundu lipu imemeguka. Nikazipima zile skrubu kwa rula. Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Halikuwa kosa la mbao, wala la ukuta. Lilikuwa kosa la hesabu. Tutaifanya hesabu hiyo pamoja sasa hivi.

Shikeni kalamu. Andikeni namba hizi.

Urefu wa skrubu yangu ulikuwa milimita 35. Skrubu hiyo ilipita kwanza katika ubao wa mgongo wa kabati. Unene wa ubao ulikuwa milimita 20. Je, 35 ukitoa 20 yabaki ngapi? Yabaki 15. Vema. Baada ya ubao, skrubu ilikutana na lipu. Unene wa lipu ulikuwa milimita 15. Sasa, 15 ukitoa 15 yabaki ngapi?

(Mwalimu anyamaze kidogo, wanafunzi waandike.)

Yabaki sifuri. Haya basi, skrubu zangu hazikuingia katika tofali hata kidogo. Zote nne zilishika lipu tu, na lipu ni kama ngozi ya ukuta. Mtu hawezi kutundika mzigo katika ngozi. Hapana budi mzigo ushikwe na mfupa, na mfupa wa ukuta ni tofali.

Andikeni sentensi hii katika daftari zenu, maana ndiyo msingi wa somo letu: Skrubu peke yake haishiki kabati, kinachoshika ni ukuta. Kazi ya skrubu ni kufika mahali penye nguvu na kupakamata. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, yatupasa kujibu maswali manne.

SWALI LA KWANZA: UKUTA NI WA NINI?

Katika mkoa wetu nyumba si za namna moja. Ziko nyumba za tofali za saruji, nyumba za tofali za kuchoma, nyumba za tofali mbichi, na bado ziko tembe za miti na udongo kama walivyojenga wazee. Kila ukuta una tabia yake.

Ukitaka kuujua ukuta, chukua msumari na nyundo. Pigilia kidogo mahali patakapofichwa na kabati. Kama lipu ikipita na msumari ukakutana na kitu kigumu kinachokataa, hilo ni tofali la kuchoma au la saruji. Kama msumari unazama kwa wepesi, na unga wa udongo unamwagika, hilo ni tofali bichi au udongo mtupu.

Ukuta wa tofali za kuchoma au za saruji hukubali kubeba kabati. Lakini skrubu haiwezi kukata meno yake katika tofali kama inavyokata katika mti. Hutobolewa tundu kwanza, kisha huingizwa plagi. Plagi ninayosema hapa siyo ile ya umeme. Ni kifuko kidogo cha plastiki, kirefu kama kidole cha mtoto, kinachotiwa ndani ya tundu. Skrubu ikiingia katika plagi, plagi hutanuka na kubana tofali pande zote. Zamani mafundi walichonga kabari ya mti mkavu na kuipigilia katika tundu. Kazi yake ni ile ile.

Ukuta wa tofali mbichi ni jambo jingine. Hapo hata skrubu ndefu kama kalamu haitakusaidia, kwa kuwa udongo humeguka kidogo kidogo. Usitundike kabati zito katika ukuta huo. Litengenezee miguu, lisimame sakafuni, nawe utie skrubu mbili tu juu ili lisiangukie mbele. Mzigo utachukuliwa na miguu. Hiyo si aibu, ni busara.

Katika tembe, au ukuta wowote wa miti na udongo, tafuta nguzo zilizomo ukutani. Gonga kwa nyundo na usikilize sauti. Kisha chokonoa udongo kidogo upate kuuona mti wenyewe. Kama mti ni mzima, skrubu ya mbao itaushika vizuri, bila plagi. Lakini uuchunguze kwanza. Nguzo iliyoliwa na mchwa huwa nzima kwa nje na unga kwa ndani.

SWALI LA PILI: MZIGO NI KILO NGAPI?

Watu wengi hukisia tu. Sisi tutahesabu. Andikeni tena, namba moja chini ya nyingine:

Kabati tupu la mninga, kilo 25.
Sahani na sufuria, kilo 12.
Mfuko wa unga, kilo 10.
Dumu la mafuta ya alizeti la lita 20, kilo 18.

Huenda mtu mmoja akauliza, «Kwa nini lita 20 za mafuta ni kilo 18, na lita 20 za maji ni kilo 20?» Umeuliza vema. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na kwa sababu hiyo huelea juu yake. Sasa jumlisheni. Jibu ni kilo 65. Hiyo ni sawasawa na kumning'iniza mtu mzima ukutani, usiku na mchana, mwaka mzima!

Tena, uzito haukai katika ukuta wenyewe, umesimama mbele yake. Beba ndoo ya maji karibu na mwili wako, utaiona nyepesi. Kisha nyosha mkono mbele na ushike ndoo ile ile; mara mkono utatetemeka. Ndivyo lilivyo kabati. Kadiri lilivyo pana kutoka ukutani kuja mbele, ndivyo linavyozivuta zaidi skrubu za juu. Kwa hiyo skrubu za juu ndizo zinazofanya kazi kubwa, na hizo ndizo za kuangaliwa kwanza.

Je, twaweza kupunguza mzigo? Ndiyo. Dumu na lishuke chini, likae sakafuni. 65 ukitoa 18 yabaki 47. Umepunguza zaidi ya robo ya mzigo bila kutumia hata senti moja.

SWALI LA TATU: SKRUBU IWE NDEFU KIASI GANI?

Sasa turudi kwenye hesabu yetu, lakini safari hii tutajumlisha badala ya kutoa. Ukuta wetu ni wa tofali za kuchoma. Andikeni:

Ubao wa mgongo wa kabati, milimita 20.
Lipu, milimita 15.
Plagi iliyozama yote ndani ya tofali, milimita 40.
Ncha ya skrubu ipite mwisho wa plagi kidogo, milimita 5.

Jumla ni ngapi? Ni milimita 80. Hiyo ndiyo skrubu ya kununua. Linganisheni 80 na ile 35 yangu, mtafahamu kwa nini kigoda cha mtoto kilivunjika.

Angalieni vizuri kwamba plagi imezama katika tofali, siyo katika lipu. Plagi ikikaa katika lipu, ikitanuka itaipasua, nawe utakuwa umerudi kwenye kosa langu. Isukume ndani mpaka ipite lipu yote. Tundu nalo liwe na kina zaidi kidogo kuliko mahali skrubu itakapofika. Skrubu yetu itaingia ukutani milimita 60, basi toboa 70, ili vumbi lipate mahali pa kukaa. Funga kipande cha uzi au karatasi ya gundi katika keekee kwa kipimo hicho, nawe utajua pa kukomea.

Jihadharini na jambo moja: usitoboe ukuta juu au chini ya swichi ya umeme, wala kando yake. Nyaya hupita humo ndani, na chuma cha keekee hakina macho.

Lakini skrubu ndefu siyo nzuri mahali pote. Kama una makabati mawili yanayokaa bega kwa bega, nawe wataka kuyaunganisha, ubavu wa kila moja una unene wa milimita 18. 18 na 18 ni 36. Ukitia skrubu ya 40, itatokeza milimita 4 upande wa pili, na siku moja mama akitia mkono kutafuta chumvi atachanika. Hapo chukua skrubu ya 30. Skrubu fupi mno huangusha. Skrubu ndefu mno hujeruhi. Rula ndiyo itakayoamua.

SWALI LA NNE: IWE NENE KIASI GANI, NA YA AINA GANI?

Hapa ndipo kusoma kunapotufaa. Katika pakiti ya skrubu huandikwa namba mbili, na katikati yake alama kama ya kuzidisha. Tuseme imeandikwa hivi: 5 × 80. Msizidishe! Namba ya kwanza ni unene, namba ya pili ni urefu. Skrubu hiyo ina unene wa milimita 5 na urefu wa milimita 80. Kwa kabati letu ndiyo inayotufaa, nayo huendana na plagi ya unene wa milimita 8. Keekee ya kutobolea ukuta nayo iwe ya 8.

Wakati mwingine utaona pakiti imeandikwa kwa namna ya zamani: 8 × 1½. Hapo 8 siyo milimita. Ni namba ya ukubwa tu, kama namba ya kiatu. Skrubu namba 8 ina unene wa milimita 4 na kidogo. Skrubu namba 10 ina karibu milimita 5. Na 1½ ni inchi, siyo sentimita. Inchi moja ni milimita 25 na kidogo, kwa hiyo inchi moja na nusu ni kama milimita 38. Mtu asiyejua tofauti hiyo huuziwa asichokitaka, kisha hulaumu duka.

Sasa juu ya aina. Zile skrubu nyeusi, nyembamba, zenye ncha kali, zimetengenezwa kwa kushikia mbao za jipsamu za dari na kuta nyepesi. Chuma chake kimefanywa kigumu sana, na kitu kigumu mno hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Chukua kijiti kikavu na kijiti kibichi, uvipinde vyote viwili, utaona ninachosema. Kwa kabati lenye mzigo, chagua skrubu nene za mbao zilizopakwa zinki. Zinki huikinga na kutu, maana jikoni kuna mvuke na kuna chumvi. Wakazi wa kando ya ziwa Singidani wanajua jinsi chumvi inavyokula chuma.

Tazama kichwa pia. Kama kabati lako limenunuliwa tayari, mara nyingi mgongo wake ni ubao mwembamba wa milimita 3 tu. Usifunge hapo; kichwa kitapenya na kabati litabaki mikononi mwako. Funga kupitia ubao mnene ulio juu, ndani ya kabati, na chini ya kichwa tia washa, yaani kile kipande cha chuma cha duara chenye tundu katikati. Kama ubao mnene haupo, ongeza wako.

NAMNA YA KUKAZA

Mmejibu maswali manne, mmenunua skrubu, sasa kazi ianze. Mninga ni mti mgumu kiasi, hivyo usilazimishe skrubu kuingia. Mahali ambapo skrubu itashika katika mti, kama vile nguzo ya tembe, toboa kwanza tundu la milimita 3 kwa skrubu ya 5. Katika ubao wa kabati, mahali inapopita tu, toboa tundu la 5 na kidogo, ili skrubu ivute kabati lilale vizuri ukutani. Paka sabuni kavu katika meno yake. Itateleza bila kulia.

Tumia bisibisi inayolingana na kichwa. Kichwa cha mfereji mmoja kina bisibisi yake, na kichwa cha msalaba, kilichoenezwa na Henry Phillips wa Marekani katika miaka ya 1930, kina yake. Bisibisi ndogo mno huteleza na kula kichwa, kisha skrubu haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Tena, nawasihi mafundi, tusipigilie skrubu kwa nyundo! Nimewaona wengi wakipiga nyundo mara tano, kisha wanazungusha bisibisi mara mbili ili mwenye nyumba aridhike. Skrubu iliyopigwa nyundo imeharibu njia yake yenyewe. Meno hayakukata, yamechana tu. Imekuwa msumari wa bei ghali.

Kabla ya kupanga vyombo, lijaribu kabati. Livute kwa mikono miwili kuelekea chini na mbele. Likitikisika, fungua na utafute sababu. Kisha usipange vyote siku moja. Na kiangazi kikiisha, kabla ya mvua, pita tena na bisibisi yako. Mbao husinyaa katika ukame wetu mrefu, na skrubu iliyokuwa imebana yaweza kulegea.

MAZOEZI

1. Soma: 5 × 80. Namba ipi ni unene? Namba ipi ni urefu?
2. Ubao una unene wa milimita 25. Lipu ni milimita 20. Plagi ni milimita 40, na ncha ya skrubu ipite milimita 5. Jumlisha. Skrubu iwe na urefu gani?
3. Fundi ana skrubu ya milimita 50. Ubao ni 20 na lipu ni 20. Je, ni milimita ngapi zitakazoingia katika tofali? Ungemruhusu atundike kabati?
4. Mazungumzo ya darasa: Kuta za majiko yenu ni za nini? Kila mtu aeleze ukuta wake, na wenzake wamshauri kama atundike kabati au alisimamishe sakafuni.
5. Andika sentensi tatu juu ya kitu kilichoanguka nyumbani kwako, na sababu yake.

Jibu la swali la 2 ni milimita 90. Jibu la swali la 3 ni milimita 10, nami nisingemruhusu.

Ndugu zangu, kabati langu nililifunga upya kwa skrubu za 5 × 80, nne juu na mbili chini, dumu likakaa sakafuni. Limekaa mpaka leo. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, naye huwacheka wageni wanaostaajabu kuona rula imening'inizwa jikoni kwetu, kando ya mwiko. Mimi sicheki. Rula ile naijua kazi yake.

Kesho mkirudi nyumbani, fungueni kabati mlilo nalo, mtazame skrubu za juu. Kama hamjui zimeingia kiasi gani, fungueni moja mkaipime. Hesabu mnaijua sasa.

Kwaherini, na usiku mwema.